Kabla hujasema "Nipe Buscopan"

Swali hili hunifikia kwa sura tatu. Msomaji wa kwanza huuliza kama anaweza kumeza Buscopan kila siku, kwa kuwa tumbo humsokota kila akila maharage. Wa pili ana vidonda vya tumbo, na jirani kamwambia dawa ni hiyo hiyo. Wa tatu hana swali hasa: amekwisha kumeza sita tangu asubuhi, tumbo bado linakata, anataka kujua aongeze ngapi.

Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nawajibu kwa pamoja. Wa tatu nitamrudia mwishoni, lakini kama ni wewe na unasoma haya ukiwa umejikunja kitandani, ruka yote uende huko sasa hivi.

Nadharia ni hii tu. Utumbo hujikaza na kujiachia ili kusukuma chakula, na amri ya kujikaza hubebwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa ninazozungumzia huziba njia ya amri hiyo, utumbo ukalegea, ndiyo maana wataalamu huziita antikolineji. Sasa, kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoamrisha mate, jasho, kibofu na mboni ya jicho, tena ndiyo inayouzuia moyo usiende mbio. Ishike orodha hiyo kichwani. Karibu kila onyo lililomo humu limetoka hapo.

## Soma jina dogo

Jina kubwa kwenye boksi ni la kampuni. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo, na nitayaandika majina hayo kama utakavyoyakuta:

- Hyoscine butylbromide. Hii ndiyo Buscopan pamoja na ndugu zake wa bei nafuu. Kidonge kina miligramu 10, sindano miligramu 20. Ikimezwa, ni kidogo mno kinachoingia kwenye damu, na haivuki kirahisi kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo ndiyo pole kuliko wenzake.
- Hyoscine butylbromide na Paracetamol. Kidonge kimoja kina dawa mbili: miligramu 10 za msokoto na 500 za paracetamol. Ukimeza hiki, usimeze Panadol juu yake.
- Dicyclomine, au Dicycloverine. Ni kitu kimoja. Mara nyingi huja imechanganywa na Mefenamic acid kwa ajili ya maumivu ya hedhi. Hii huingia mwilini zaidi, hivyo yaweza kukuletea kizunguzungu na usingizi.
- Clidinium na Chlordiazepoxide. Ya pili ni ndugu wa Valium na mwili huizoea. Usiinunue bila cheti cha daktari, hata kama muuzaji yuko tayari kukupa.
- Hyoscine hydrobromide. Jina linafanana, kazi ni nyingine: hii ni ya kichefuchefu cha safari, na yenyewe hufika kwenye ubongo. Usidhani umepata Buscopan.

Mebeverine na drotaverine utaziona kwenye rafu hiyo hiyo. Nazo hutuliza msokoto, ila hupita njia nyingine, si za ukoo huu. Aliyekatazwa ukoo huu amuulize mfamasia kuhusu hizo mbili.

Ukoo huu una mababu porini. Mnanaha, ule mmea wa maua kama tarumbeta na matunda ya miiba unaoota kando ya njia na majalalani, umejaa hayosini na atropini. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa uji wa msaada ulikuwa umechafuliwa na sumu za jamii hiyo. Watu karibu mia tatu waliugua, watano wakafa. Kidonge chako si mnanaha, lakini nataja hilo kwa ajili ya wale wanaoniambia kwamba dawa inayouzwa bila cheti haiwezi kumdhuru mtu.

## Maumivu yanayoisikia, na yasiyoisikia

Dawa hizi hufaa maumivu yanayokuja kwa mawimbi: yanabana, yanapanda, yanaachia, baada ya muda yanarudi. Hayo ndiyo tunayoyaita msokoto. Hufaa pia tumbo linalosumbua kwa miezi, mara choo kigumu mara chepesi, na vipimo vyote vimetoka safi. Hospitalini sindano yake hutumika kwa mawe ya nyongo na ya figo, lakini huko kuna mtu wa kukuangalia.

Hazifai:

- moto unaowaka chini ya kifua na kupanda kooni (nitaueleza chini);
- gesi. Utumbo ukilegea, gesi nayo inapunguza mwendo; unaweza ukazidi kuvimba;
- maumivu yaliyokaa mahali pamoja, hayaachii, na yanauma zaidi ukikohoa au gari likiruka shimo;
- minyoo, amiba, taifodi. Maumivu yatanyamaza kidogo, mdudu atabaki.

## Namna ya kumeza

Hapa nasema juu ya hyoscine butylbromide ya miligramu 10 kwa mtu mzima ambaye hayumo kwenye orodha ya waliokatazwa. Soma orodha hiyo kwanza.

1. Anza na kidonge kimoja au viwili, na maji. Kimeze kizima, usitafune wala kumumunya. Kabla au baada ya chakula ni sawasawa.
2. Subiri. Wengine husikia nafuu ndani ya robo saa, wengine hukaribia saa nzima. Kosa kubwa hutokea hapa: mtu anameza viwili, dakika kumi zinapita, anameza viwili tena.
3. Andika saa uliyomeza. Dozi inayofuata ni baada ya saa sita hivi, kama maumivu yamerudi. Kama hayajarudi, usimeze.
4. Vidonge vinane kwa siku ndio ukomo, usiku ukihesabiwa. Wengi hawahitaji hata nusu ya hivyo.
5. Siku tatu zikiisha na bado unavihitaji, nenda zahanati au kituo cha afya. Siku tatu ni kanuni yangu. Karatasi ya ndani ya boksi inaweza kukupa siku zaidi. Mimi naona hizo tatu zinatosha kwa tumbo ambalo hakuna aliyewahi kulipima.

Mtoto wa miaka 6 hadi 11 dozi yake huwa kidonge kimoja mara tatu, lakini asipewe kabla ya kuonwa na mtaalamu. Tumbo la mtoto huficha mengi, naye hawezi kukueleza yote.

Sasa msomaji wa maharage. Kama daktari amekwisha kukuchunguza na kusema utumbo wako mzima ila una vurugu, unaweza kutumia kidonge siku linapokusokota. Kukimeza kila siku kama vitamini, hapana. Kitakufunga choo, na choo kikifunga tumbo litakata upya, utameza tena. Halafu jaribu kuloweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya. Kina mama wamefanya hivyo tangu zamani, na gesi hupungua kweli.

## Kosa la kwanza: kutibia vidonda vya tumbo

Hapa ndipo ninapogombana na wasomaji, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Lakini nikimeza napata nafuu!" Sikatai. Kidonda huambatana na mbano, na mbano ukilegea utapumua. Ila kidonda kiko palepale na kinaendelea kuchimba. Mtu anaweza kuishi hivyo mwaka mzima, mpaka siku anapotapika damu.

Jirani yako hakusema uongo, amechelewa tu miaka hamsini. Zamani madaktari walikuwa wakitibu vidonda kwa dawa za ukoo huu, kwa sababu hupunguza asidi kidogo. Wagonjwa walikaukwa mdomo na kuona ukungu, na asidi bado haikupungua vya kutosha. Mwaka 1976 cimetidine ikaanza kuuzwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja omeprazole. Katikati ya hapo, mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimtambua bakteria tunayemwita H. pylori, wakaonyesha kwamba ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo, ukihisi una vidonda:

- omba kipimo cha H. pylori, cha choo au cha pumzi;
- akikutwa, utapewa omeprazole au ndugu yake pamoja na antibayotiki zaidi ya moja. Zimalize zote hata kama tumbo limetulia siku ya nne;
- acha Diclofenac, Ibuprofen na Aspirin za kujinunulia, maana nazo huchimba vidonda. Aspirin uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza daktari.

Na kiungulia je? Hapo dawa hizi zinaweza kuharibu zaidi. Kati ya umio na tumbo kuna mlango wa msuli unaozuia asidi isipande. Ukilegeza misuli, unalegeza na mlango huo; tena chakula kinachelewa kushuka. Umemeza ili moto uzimike, umeufungulia dirisha.

## Kosa la pili: kuchanganya

Watu hununua Plasil na Buscopan kwa pamoja: tumbo linakata na wanatapika, basi kila shida na kidonge chake. Plasil, yaani metoclopramide, huhimiza tumbo na utumbo kusukuma. Hyoscine huvizuia visisukume. Umeajiri mmoja afungue mlango na mwingine aufunge, na wote umewalipa.

Mchanganyiko mwingine hauonekani kirahisi, nao ndio mbaya zaidi. Zipo dawa ambazo hazikuundwa kwa ajili ya tumbo lakini huziba asetilikolini vilevile:

- Piriton na Phenergan, za mafua, mzio na kuwashwa;
- Amitriptyline, inayotolewa kwa sonona, maumivu ya neva na kukosa usingizi;
- Artane, inayotolewa pamoja na dawa za magonjwa ya akili;
- Largactil;
- Oxybutynin, ya kibofu.

Kila moja peke yake mwili unaweza kuivumilia. Mbili au tatu kwa pamoja, tena kwa mtu wa miaka sabini, zinaweza kumfanya aseme mambo yasiyoeleweka, aone watu wasiokuwepo, aanguke chooni usiku. Nyumbani watasema bibi ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee, au ametupiwa kitu. Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, mwageni dawa zake zote mezani na mzihesabu.

Dawa nyingine unazomeza nazo zinaweza kuchelewa kufanya kazi, kwa vile utumbo umepunguza mwendo. Na mgonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha nitroglycerin chini ya ulimi ajue kwamba mdomo mkavu hauyeyushi kidonge.

## Makosa mengine, kwa ufupi

Kuharisha. Ukiharisha ukiwa na homa au damu kwenye choo, usiuzuie utumbo. Unachohitaji kwanza ni ORS, na kwa mtoto ORS pamoja na zinki, halafu kituo cha afya.

Hedhi. Wengi hutumia Buscopan kwa maumivu ya hedhi, na wapo wanaopata nafuu. Ila maumivu hayo huletwa zaidi na kemikali nyingine za mwili, kwa hiyo Ibuprofen, ikimezwa baada ya chakula na mtu asiye na vidonda wala mimba, mara nyingi humshinda mwenzake. Ukichelewa kuona siku zako na tumbo linauma upande mmoja, usimeze chochote. Kapime mimba kwanza, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Mtoto mchanga anayelia usiku. Yapo matone ya tumbo yenye dicyclomine ndani. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe kabisa: wachanga wamewahi kushindwa kupumua na kupata degedege kwa dawa hiyo. Mama, soma jina dogo kwenye chupa kabla hujafungua kifuniko. Ukikuta Simethicone, hiyo ni kitu kingine.

## Wasiomeza bila kuuliza

Niliwahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na kisa hiki ni kosa langu mwenyewe. Mzee mmoja alikuja jioni, nikampa shikamoo, akaomba za msokoto. Nilimpa, na sikumuuliza kitu. Kesho yake asubuhi mwanawe akaja mbio: baba hajakojoa tangu usiku, kibofu kimejaa kama mpira. Alikuwa na tezi dume, tena alikuwa akiamka mara nne kila usiku, jambo ambalo ningelijua kwa swali moja. Aliwekewa mpira wa mkojo hospitalini, akapona. Tangu siku hiyo nawauliza wazee habari za haja ndogo hata kama wananiona sina adabu.

Uliza kwanza kama una lolote kati ya haya:

- tezi dume, au mkojo unaotoka kwa shida;
- presha ya macho, hasa ile ya njia finyu ya maji ya jicho;
- moyo unaokwenda mbio, moyo uliochoka, au rovu linaloharakisha mwili;
- ugonjwa wa misuli kuchoka haraka uitwao mayasthenia;
- choo kilichofunga siku nyingi, au utumbo uliowahi kujifunga;
- mimba, au unanyonyesha.

Sindano ina nguvu kuliko kidonge, kwani yote huingia kwenye damu. Usikubali kuchomwa dukani au nyumbani. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie muuguzi kabla mkono haujafungwa kamba, hata kama hakuulizwa.

"Mbona mimi nina presha ya kawaida na nameza miaka yote?" Shinikizo la damu lililotulia si sawa na moyo unaodunda ovyo. Ila umwambie mfamasia, kwa sababu dawa zako za presha nazo zina mambo yake.

## Utakayoyasikia mwilini

Mdomo kukauka ni kawaida. Piga funda za maji. Choo kuwa kigumu, moyo kuongeza mwendo kidogo, macho kuona ukungu yakisoma karibu: hayo huondoka dawa ikiisha. Dereva wa bodaboda au daladala asubiri macho yatulie kabla ya kukamata usukani.

Jasho nalo hupungua, na watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga hawalifikirii hilo. Jasho ndilo linalokupoza. Ukimeza dawa za ukoo huu kisha ukashinda juani mwezi wa Februari ukibeba mizigo au ukivuta nyavu, mwili unaweza kuchemka. Ngozi ikiwa kavu na ya moto, kichwa kikizunguka, ingia kivulini, jimwagie maji, usimeze tena.

Jicho likiuma, likawa jekundu na ukaona duara za rangi kuzunguka taa, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika mkojo ukigoma.

## Na wewe uliyekwisha kumeza sita

Usiongeze. Maumivu yaliyokaidi dozi mbili zilizomezwa kwa saa zake hayakuhitaji ya tatu, yanahitaji mkono wa daktari juu ya tumbo. Nenda leo, hata usiku, kama kuna mojawapo ya haya:

- maumivu yalianza kitovuni, sasa yamehamia chini upande wa kulia (kidole tumbo huanza hivyo);
- tumbo limekuwa gumu kama ubao, au hutaki liguswe;
- unatapika kila kitu, hasa matapishi ya kijani;
- hujapata choo wala kutoa upepo, na tumbo linavimba;
- kuna damu kwenye matapishi, au choo ni cheusi kama lami;
- una homa;
- wewe ni mwanamke, hedhi imechelewa, na unahisi kizunguzungu ukisimama.

Chukua boksi la dawa pamoja na vidonge vilivyobaki, umwonyeshe daktari umemeza ngapi na saa ngapi. Usione aibu kuitaja idadi. Kidonge kinaweza kumfunika macho anapokupima, kwa hiyo ni lazima ajue. Na usile wala usinywe chochote njiani, hata chai. Ikilazimu upasuaji, wataanza kwa kuuliza ulikula saa ngapi.